Operesheni Vijiji kwa gitaa la solo na ngoma ya jembe

Mtu yeyote hapa Mwanza akiniambia anataka kusimulia Operesheni Vijiji, kule kuhamishiwa vijijini kwa amri ya serikali miaka ya sabini, kwa muziki, najua atakachosema kabla hajamaliza salamu. Bendi itakuwa serikali, ngoma itakuwa wananchi. Gitaa litaimba sifa za TANU, chama tawala cha wakati ule, ngoma ya mkulima wa Kwimba itanung'unika pembeni, na mwishoni ngoma itaimeza bendi, ukumbi mzima usimame upige makofi. Ni mpango mtamu, tena unauzika, hasa kwa wageni. Mimi napiga gitaa la solo, kwa hiyo unaweza kusema natetea mkate wangu. Lakini nilipoitwa kwenye kikundi kinachoandaa onyesho la namna hiyo, sharti langu la kwanza lilikuwa kwamba mpango huo uachwe.

Tuanze na bendi zenyewe. Wanamuziki wengi wa dansi wa miaka ile walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake wakawa na mshahara wa mwezi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana wa TANU. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Gitaa, spika, saksofoni, hata sare za jukwaani, vyote vilikuwa mali ya mwajiri. Kurekodi kulifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, na maneno ya wimbo yalipitiwa kwanza. Kiwanda cha kufyatua santuri hakikuwepo nchini. Ukitaka santuri, kanda zako zinakwenda Nairobi. Sasa mwanamuziki wa namna hiyo ukimwuliza kwa nini hakuimba habari za nyumba zilizochomwa, unamwuliza kwa nini hakurudisha gitaa stoo akaenda zake nyumbani.

Na nyumbani kwenyewe ndiko wapi? Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima. Mtu anaweza kuwa alikuwa jukwaani Dar es Salaam Jumamosi usiku, anaitikia kibwagizo cha kusifu maisha ya kijijini, wakati mama yake huku bara anafungasha vyungu.

Upande wa ngoma nao hauko safi kama tunavyopenda kuusimulia. Usukuma, msimu wa ngoma ni baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane hivi, watu wana chakula ghalani na pesa ya pamba mfukoni. Ndipo Bagika na Bagalu wanapokutana uwanjani. Hivi ni vyama viwili vilivyotokana na Ngika na Gumha, wacheza ngoma na waganga wa zamani, na mashindano yao hayana jaji anayekaa mezani. Timu mbili zinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Ningi, yaani manju, hutunga nyimbo mpya kila msimu: anajisifu, anamtukana mpinzani, anapitia habari za mwaka mzima. Mtu asiye na habari mpya anabaki anacheza peke yake na wapiga ngoma wake.

Manju wa namna hiyo hawezi kukaa nje ya siasa. Serikali ya Mwingereza ilipoifungia TANU Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958, habari za chama ziliendelea kupita kwenye nyimbo. Uhuru ulipokuja, ngoma zilikuwa mstari wa mbele kuupokea. Halafu tazama kalenda: Saba Saba, wakati ule sikukuu ya chama na ya wakulima, inaangukia katikati kabisa ya msimu wa ngoma. Kiongozi akija kutembelea wilaya, wanaomlaki ni wacheza bugobogobo, ile ngoma ya jembe, na majembe yao yanazungushwa hewani. Kwa hiyo ngoma nayo iliimba sifa, tena kwa sauti kubwa kuliko gitaa, maana bendi ilikuwa redioni na ngoma ilikuwa pale pale kwenye vumbi.

Tena haikuwa unafiki. Hili ndilo ninalotaka lisikike kwenye onyesho letu kuliko jambo jingine lolote. Azimio la Arusha, la siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi hapa Mwanza, kwenye Mkutano Mkuu wa TANU. Fikiria hiyo barabara, anayeijua: Bunda, Lamadi, Magu, Kisesa, jua la mwezi wa kumi likiwa utosini. Rais wa nchi anatembea. Vijana nao walikuwa wakitembea sehemu mbalimbali kuunga mkono Azimio, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani mwaka huohuo. Nchi iliyotembea hivyo mwaka 1967 ilikuwa inaamini kitu.

Sehemu ya kwanza ya onyesho letu ni matembezi hayo, na tumempa mpiga besi peke yake. Yeye ni mgonjwa wa jazz ya Wamarekani weusi, ile yenye besi inayotembea, nota moja kwa kila pigo, inapanda na kushuka bila kusimama. Anaanza peke yake gizani. Baadaye drams inaingia kwa brashi, halafu sauti za watu wanaoitikia. Ni sehemu rahisi kuliko zote na watu wanaipenda kuliko zote, jambo linaloniudhi kidogo.

Kazi ngumu inaanza tarehe 6 Novemba 1973. Siku hiyo Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na shughuli nzima iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Kabla ya hapo ujamaa vijijini ulikuwa jambo la hiari, angalau kwenye karatasi. Dodoma walikwisha kuonja operesheni yao tangu 1970. Usukuma zamu yetu ilifika 1974.

Kuelewa kilichovunjwa, lazima ujue kaya ya Kisukuma ilivyokaa. Nyumba ziko pamoja na zizi, zimezungushiwa ua wa minyaa. Shamba linaanzia mlangoni. Samadi haisafiri, inatoka zizini inaingia shambani kwa karai. Nyuma kuna ngitili, eneo la malisho lililofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, lifunguliwe kiangazi kikikaza, kwa ndama na ng'ombe wa kulimia. Kutoka kaya hadi kaya unaweza kutembea mpaka jasho likutoke. Kwa ofisa aliyekaa mezani na ramani, hayo yalikuwa makazi ya ovyo, watu wametawanyika, utawapelekea vipi bomba la maji? Kwa mwenye kaya, kila kitu kilikuwa mahali pake.

Yakaja malori, mgambo na viongozi wa chama, na balozi wa nyumba kumi akiwa mbele kwa sababu ndiye anayezijua njia. Watu walivua milango na fremu, waliokuwa na mabati wakayang'oa. Sehemu nyingine paa la nyasi lilitiwa moto ili mtu asirudi. Walikoshushwa kulikuwa na vigingi vilivyonyooka kando ya barabara, na kwa wengine hakukuwa na kitu kingine zaidi ya hivyo vigingi. Ukame ulikuwa umeshapiga, bei ya mafuta duniani imepaa, serikali ikaagiza nafaka nje na kuanzisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Ngitili nyingi zilipotea kwa sababu wenyewe walikuwa wameondolewa. Shinyanga ilibidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ili, pamoja na mambo mengine, kuzirudisha. Ilipofika 1977, watu zaidi ya milioni 10 nchini walikuwa wanaishi katika vijiji vilivyoandikishwa, zaidi ya 7,000. Vyama vikuu vya ushirika, vikiwemo vya wakulima wa pamba wa kanda hii, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Hilo lina hasira zake na linastahili wimbo wake. Sisi tumelipitia kwa beti mbili tu.

Tunafanyia mazoezi Igoma, uani kwa fundi seremala mmoja anayetuvumilia. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya kasi. Muziki wa dansi ukishaanza unakaa pale pale. Mpiga drams akiongeza mwendo anaangaliwa kwa jicho baya. Ngoma ya jembe haiko hivyo. Inaanza nzito, jembe likiwa halijazoea udongo, na kadiri mstari wa wakulima unavyopata moto ndivyo inavyopanda, hadi majembe yanarushwa hewani na kudakwa. Mpiga ngoma wetu anatoka upande wa Kisesa, kijana mkimya ambaye amekulia kwenye ngoma za Bujora, karibu na makumbusho ya Wasukuma. Kila tulipofika sehemu ya pili alikuwa anatuacha nyuma, na kila mara tukasimama na kumlaumu. Siku moja akaweka fimbo zake chini akasema, kwa upole kabisa, "Kaka, hapa ndipo tunapohamishwa. Nani alisubiriwa?"

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoipiga. Bendi inashikilia mwendo wake, rumba ya taratibu ya mwaka 1974, na ngoma inapanda juu yake bila huruma mpaka vinaachana kabisa. Ukiwa ndani yake unasikia kizunguzungu. Gitaa langu la solo linarudia kifungu kilekile kifupi, nyuzi mbili za juu, na kazi yangu yote ni kutomfuata mpiga ngoma. Ni kazi ya shida kuliko inavyoonekana. Mwili unataka kwenda na ngoma.

Bibi yake huyo kijana alikuja mazoezini siku moja, amejifunga khanga mbili, tukamtafutia kiti cha plastiki kivulini. Tulimwamkia Kisukuma, kila mmoja kwa kiwango chake. "Mwangaluka, mayu." Yeye alihamishwa mwaka huo wa 1974, na sisi tukataka kumpigia wimbo wetu wa sifa, tulioutunga wenyewe kwa mtindo wa bendi za wakati ule, wenye maneno ya kijiji na jembe na umoja. Mwimbaji wetu alikuwa anauimba kwa kebehi, anavuta maneno puani, na saksofoni inamdhihaki nyuma. Tulidhani atafurahi. Alisikiliza ubeti mmoja, akainua mkono.

"Mwanangu, mbona unaimba kama umelazimishwa?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Kuhama tulilazimishwa. Kuimba tuliimba wenyewe. Hebu uimbe vizuri."

Tukauimba vizuri. Akainuka, akacheza, mabega tu na hatua fupi za dansi la klabu ambazo sikutegemea bibi wa Magu azijue. Kisha akakaa, akaomba maji.

Nilimwuliza kama kulikuwa na wimbo wa siku yenyewe, siku ya lori. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza upuuzi. Mtu amebeba mtoto mgongoni, kuku mkononi, mwingine anamwambia apande haraka. Ataimba saa ngapi? Na msimu uliofuata? Msimu uliofuata, kwa maelezo yake, kule kwao ngoma ilikuwa hoi. Timu zilikuwa zimetawanywa, ningi kashushwa kijiji hiki, wapiga ngoma kijiji kile, na Bagika na Bagalu waliokuwa wakitupiana matusi na dawa uwanjani sasa walikuwa majirani wa vigingi vinavyofuatana. "Utamtukana nani," akasema, "na asubuhi unamwomba chumvi?"

Kwa hiyo wimbo wa sifa upo, na wimbo wa siku ya lori haupo. Hapo ndipo tulipokwama muda mrefu. Wenzangu wawili walitaka tutunge maneno ya uchungu ya kujazia pengo hilo, nyumba inaungua, mama analia, mnajua mambo hayo. Mimi nilikataa, na hoja yangu niliitoa mbali kidogo, Marekani.

Mwaka 1957 gavana wa jimbo la Arkansas, Orval Faubus, alipeleka askari kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule ya sekondari pale Little Rock. Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi wa jazz, alitunga kibao cha kumdhihaki gavana huyo. Kwenye albamu aliyoitoa Columbia mwaka 1959 kibao hicho kilitoka bila maneno, ala tupu. Mwaka uliofuata akakirekodi tena kwa kampuni ndogo, safari hii na maneno yake, yeye na mpiga drams wake wakijibizana kama wahuni wa mtaani. Wengi husifu toleo la pili, lenye ujasiri wa wazi. Mimi narudi zaidi kwenye lile la kwanza. Vile vinanda vya pumzi vinachechemea, vinajifanya vina adabu, na unamsikia gavana ndani yake kabisa bila kutajwa jina. Ukiyajua masharti ya Radio Tanzania ya miaka ya sabini, utaelewa kwa nini namna hiyo ya kusema inanigusa.

Basi sehemu ya moto haina maneno. Saksofoni inacheza melodi ileile ya wimbo wa sifa, nota zote zipo, ila pumzi inakatika katikati ya kila mstari pale neno lingekaa. Anayekumbuka wimbo anajazia mwenyewe. Mpigaji wetu wa saksofoni ni fundi wa redio, na hakuwa anakubaliana nami mpaka alipoona watu wawili watatu kwenye ukumbi wanatikisa midomo.

Kisha rimu. Shule nyingi za vijijini kengele yake ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, inapigwa kwa kipande cha nondo. Tuliitafuta ya lori, tukaipata kwa mafundi gereji, tukaitundika jukwaani kwa mnyororo. Katika sehemu ya lori inapigwa chini chini, kwa kifaa kizito, kama kitu kinachogongana barabarani. Baada ya sehemu ya moto inapigwa tena, safari hii juu, haraka, na kila Mtanzania aliyesoma shule ya msingi anajua kwamba ni saa ya kuingia darasani. Kwa maana hiyo nayo ni historia. Novemba 1974, mwaka huohuo wa malori, Azimio la Musoma, ng'ambo tu ya hapa kando ya ziwa hilihili, liliamua kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Mradi wa kisomo cha watu wazima ambao UNESCO iliusaidia kanda ya ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, ulikuwa umeanza tangu 1968. Mwenye bibi aliyejifunza kuandika jina lake ukubwani asiniambie kijiji kilileta hasara tupu. Na mwenye bibi aliyekufa hajaona tena ua wa minyaa aliouotesha mwenyewe asiambiwe kwamba shule ilifidia.

Nilidhani rimu ndiyo ingezua maneno baada ya onyesho. Haikuwa hivyo. Ukumbini, tukikunja nyaya, alinijia mzee mmoja wa Misungwi, amevaa koti licha ya joto lote lile, mkongojo mkononi. Hakutaka habari za gitaa wala saksofoni.

"Mmeimba nyumba," akasema. "Mmeimba shule. Ng'ombe wako wapi?"

Tukatazamana. Onyesho la Usukuma, na ng'ombe hakuna hata mmoja. Mzee akatupa somo akiwa amesimama. Ng'ombe hawezi kupangwa kwenye vigingi. Mifugo ya kaya mia ikikusanywa kuzunguka kijiji kimoja, nyasi zinakwisha, njia za kwenda kunywa maji zinakuwa makorongo, samadi inarundikana pasipo na shamba na shamba linabaki mbali pasipo na samadi. Wenye makundi makubwa hawakungoja waambiwe. Waliswaga kwenda kusini, Rukwa, Usangu, na baadaye wengine Kilombero. Walikofika walianza upya, wakalima mpunga, wakaongezeka, na wenyeji wakaanza kuwanung'unikia. Mwaka 2006 serikali ikaanzisha operesheni nyingine ya kuwaondoa wafugaji Ihefu, bonde la Usangu, wakaswagwa tena, safari hii kuelekea Lindi na kwingineko. Aliyehama kijana mwaka 1974 aliweza kuhamishwa tena akiwa na wajukuu.

Kwa hiyo sasa tuna sehemu ya sita ambayo haijakamilika. Mpiga ngoma anataka njuga za miguuni na mluzi wa mchungaji, basi. Mimi nasikia gitaa la pili linalojibu gitaa la solo kutoka mbali, kama mifugo miwili inayosikilizana. Mwimbaji anasema safari hii maneno lazima yawepo, maana wa Usangu wako hai na wanaweza kusema wenyewe. Nadhani yuko sahihi. Mpiga ngoma ana mjomba aliyeondolewa huko, anatarajiwa kuja Kisesa kwenye harusi baada ya mavuno, na tumepanga kukaa naye na kinasa sauti. Lakini Magu wametualika kabla ya hapo, na kikundi kimeamua twende na sehemu tano kama zilivyo. Mimi nimepinga. Watu wa Magu wana ng'ombe. Wataliuliza swali lilelile.